Guni

Nilikuwa nimepiga magoti, napima suruali
ya kijana wa bodaboda, hapa dukani kwangu Tororo,
simu yake ikalia mfukoni, karibu na sikio langu:
nota saba za gitaa, halafu dhum ya ngoma.
Nikaandika kipimo cha kiuno mahali pa mguu.
"Bendi ya Wazungu hiyo, mzee. Wanajaza viwanja vya mpira."
Nikamwambia simama wima.

Nota hizo saba najua zilipozaliwa.
Kambi ya kiwanda cha saruji, nyumba namba kumi na nne,
kuku wa jirani mweupe kwa vumbi, si kwa manyoya.
Erifazi Okecho, mpakia magunia wa zamu ya usiku,
gitaa lake lilikuwa na nyuzi tano
na wa sita waya wa breki ya baisikeli.
Wandera alipiga sanduku la chai.
Mimi chupa ya soda, kwa msumari.
Yeye Mpadhola, Wandera Msamia, mimi Mnubi wa Bombo;
tuliongea Kiswahili
kwa kuwa msimamizi alitutukana kwa Kiswahili.

Saba. Ya nane hakuipiga.
Hapo mkono uliacha nyuzi ukaziba mdomo,
akakohoa,
kikohozi kikavu, cha gunia lililopasuka,
kila mzunguko, pale pale,
hata Wandera akazoea kukingoja.
Mwalimu Abubakari, aliyetoka pwani na mizani yake vidoleni,
alisimama mlangoni, akahesabu, akahesabu tena.
"Nane iko wapi? Hili ni guni," akasema,
akaondoka. Jioni ya pili alirudi na kigoda.

Kisha akaja bwana wa Nairobi na mashine ya kurekodi.
"Wimbo nautaka," akasema. "Kikohozi sikitaki."
Erifazi akakimeza.
Mara ishirini na mbili nilimwona akikimeza,
mishipa ya shingo imesimama kama nyuzi za juu,
na mashine ikizunguka, ikinywa ule ukimya.
Taa nyekundu ilipozimika
alitoka nje, akashika ukuta,
akavikohoa vyote.
Shilingi arobaini. Kumi na tatu kila mtu;
ile moja tuliigombania mpaka tukanunua njugu.
Kwenye sahani wakaandika: E. Okechi.

Ilivukaje huko sijui.
Bendi ya kwanza iliisikia kwenye sahani,
ya pili ikaisikia kwa ya kwanza,
ya tatu ikasema imeiota.
Muziki huo wanauita mwamba.
Sisi tuliopakia saruji chini ya Mwamba wa Tororo
tungecheka, lakini nimebaki mmoja.
Mjukuu wangu alinisomea maneno ya mtaalamu fulani:
ule ukimya wa nota ya nane
ni falsafa ya Mwafrika juu ya wakati.
Nikamwomba arudie. Akarudia.
Nikamwomba aniletee uzi mweusi.

Miaka ya mwisho Erifazi hakuweza hata kubeba gitaa.
Nyafwono, binti yake, alifungua ule waya
akaurudisha kwenye baisikeli, maana palikuwa na mteremko
kati ya nyumba na hospitali.
Tulipomzika, hakuna aliyeleta chombo.
Watu walikohoa hapa na pale, kama kwenye mazishi yoyote.

Ijumaa kijana alikuja kuchukua suruali.
Mguu mmoja ulikuwa mpana; nikasema ndiyo mtindo.
Simu ikalia. Nikaondoa unyayo kwenye cherehani.
Nikahesabu kwa vidole, kama tulivyofundishwa,
tano, sita, saba,
na kabla ngoma haijaingia
nikakohoa.
"Pole, mzee," akasema, akitafuta noti mfukoni.
"Si changu," nikamwambia.